Hedhi imechelewa: kipimo kipi cha mimba ununue, na lini ukiamini

Siku ya tatu leo hujaingia mwezini, na kila ukienda chooni unachungulia kama kuna hata doa. Hapo ndipo wengi wetu tunaponunua vibaya: kipimo kimoja cha bei kubwa, tunakipima usiku huohuo, kinakataa, na kesho wasiwasi uko palepale.

Vipimo vyote vya mkojo vinatafuta kitu kimoja, homoni ya hCG. Mwili huanza kuitoa yai lililorutubishwa likishajishikiza kwenye mji wa mimba, kwa kawaida siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Kisha huongezeka karibu maradufu kila siku mbili au tatu. Ndiyo maana kipimo cha Jumatatu kinaweza kukataa na cha Ijumaa kikakubali, na vyote viwili ni vizima. Pima kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuja isije. Kama mzunguko wako haueleweki, hesabu siku 21 tangu ulipokutana na mwanaume bila kinga mara ya mwisho. Kabla ya hapo, jibu la "hakuna" usiliamini.

Sasa twende dukani.

Namba moja: vijiti viwili vya karatasi. Ni vile vyembamba ambavyo manesi huviita UPT (kifupi cha Kiingereza cha kipimo cha mimba cha mkojo), bei ya chini kuliko vyote. Unakinga mkojo kwenye kikombe safi, unachovya bila kuvuka alama, unasubiri. Vingi vimeandikwa 25 mIU/ml, yaani kiwango kidogo kabisa cha hCG ambacho kijiti kinaweza kukiona, na kinachotosha kabisa kwa hedhi iliyokwisha kuchelewa. Nasema viwili makusudi: kimoja asubuhi ya kesho, kabla hujanywa maji mengi, na cha pili baada ya siku kama tano ikiwa cha kwanza kimekataa na hedhi bado haijaonekana.

Namba mbili: cha plastiki chenye kidirisha. Ndani ni karatasi ileile, ila hiki unadondoshea matone ya mkojo kwa kibomba chake. Kinafaa kama mikono inatetemeka. Jiandae tu kuulizwa kwa sauti mbele ya foleni, "Cha mimba au cha malaria?", maana vinafanana.

Namba tatu: cha kukojolea moja kwa moja. Hakihitaji kikombe, kwa hiyo kinamfaa anayepimia choo cha kazini. Zaidi ya hapo unalipia mpini.

Mwisho: cha kielektroniki. Kinaandika jibu kwa maneno. Ukikipasua utakuta karatasi ndani, na taa ndogo na kihisi vinavyoisoma kwa niaba yako. Ukishakitumia mara moja, ni takataka yenye betri. Nunua kama kweli huamini macho yako.

Chumvi, sukari na dawa ya mswaki, ambavyo wengine hupimia mimba nyumbani, havimo kwenye orodha. Dawa ya mswaki hutoa povu kwa sababu ina chokaa na mkojo una asidi. Hata mkojo wa mumeo unaweza kuumuka.

Kabla ya kulipa, geuza pakiti. Tazama tarehe ya mwisho, hakikisha haijatoboka, na usichukue kilichoanikwa dirishani juani: vingi vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30.

Kwenye kusoma ndiko tunakojichanganya zaidi. Mstari wa C ndio unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, na wa T ndio jibu lenyewe. C usipotokea, kipimo kimeharibika, kitupe. C na T vikitokea ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 3 hadi 5, una mimba, hata T ikiwa hafifu. Mstari wa kijivu unaojitokeza baadaye ni mkojo uliokauka tu. Mimi niliwahi kukifukua changu kwenye ndoo ya taka baada ya saa mbili, nikaona mstari, nikalia bure.

Vijiti vyote viwili vikikataa, kumbuka kuna mengine yanayochelewesha hedhi: vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, sindano ya uzazi wa mpango, kunyonyesha, kupungua uzito ghafla, msongo wa mawazo. Usinunue kijiti cha tatu. Pesa hiyo ipeleke maabara kwenye kipimo cha damu, kinachosoma hata hCG kidogo sana, kisha uonane na daktari.

Lakini ukisikia maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, ukatokwa damu, ukaumwa ncha ya bega au ukapata kizunguzungu cha kutaka kuanguka, nenda hospitali saa hiyohiyo, kipimo kimesema ndiyo au hapana. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na mrija wa uzazi ukipasuka damu inavujia ndani ambako huioni.