Cheti cha maji kilisema "yanafaa kunywa". Nikapima tena

Nyuma ya ukuta wetu hapa Dar kuna karakana ya kupasua betri chakavu za magari. Kisima chetu hakiko mbali nayo, na mwanangu ana miaka mitatu. Nilishasoma ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu ya risasi (ile metali iliyomo kwenye betri), na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Usingizi ukanipaa.

Maabara ya kwanza ilipokea maji yangu kwenye chupa ya soda bila swali lolote. Elfu themanini, siku nne, cheti chenye muhuri. Risasi: "haikuonekana". Pembeni, kwa herufi za kutafuta na miwani, waliandika kwamba mashine inaanza kuona kwenye 0.05 mg kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 0.01! Maji yenye risasi mara nne ya kiwango yangepita hapo yakapewa muhuri. Nikapiga simu. "Dada, haikuonekana maana yake haipo." Nikamshukuru, nikakata.

Maabara ya pili wao walianza kwa kuniuliza naogopa nini. Wakanipa chupa zao mbili zenye matone ya tindikali ya nitriki, wakanionya nisizisuuze, kwa sababu hiyo tindikali ndiyo inayozuia metali kung'ang'ania kuta za chupa. Ya kwanza nikinge alfajiri kabla mtu hajafungua bomba, ya pili baada ya kuyaacha maji yatoke dakika tano. Mashine yao inashuka hadi 0.001. Laki mbili na ishirini kwa metali peke yake, iliniuma.

Majibu: ya alfajiri 0.018, ya pili chini ya 0.001. Risasi haikutoka kisimani. Ilikuwa inaingia kwenye maji yaliyolala bombani usiku kucha, kutoka kwenye koki ya jikoni, niliyoinunua mwenyewe kwa sababu ilikuwa rahisi na inang'aa. Na miezi miwili nilikuwa simsalimii mwenye karakana! (Vumbi lake bado silitaki karibu na mtoto.)

Hawa wa pili nao wana kasoro. Majibu yalichukua siku kumi na mbili, yakaja bila maelezo, na mambo ya petroli hawapimi. Ukiishi jirani na sheli, tafuta wanaopima benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli. Hiyo hukingwa kwenye chupa ya kioo iliyojaa pomoni, maana ikipata hewa inaruka.

Mama mkwe alishauri tuchemshe. Nikamweleza kwamba ukichemsha maji yanapungua, risasi inabaki palepale sufuriani. Akaguna tu.

Koki mpya fundi ameifunga Jumamosi. Chupa ya tatu iko juu ya friji, na mama mkwe nimemwomba asiioshe.