Kruzi ya Karibi na Watoto: Msilipie Chumba cha Watu Wanne Kabla ya Kutazama Hii

Karibuni tena. Kabla hamjaniangalia mimi, angalieni sakafu. Hii selotepu ya njano imezunguka mita 3 kwa mita 4 na nusu. Hicho ndicho chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, kwenye meli nyingi za kitalii zinazotoka Florida kwenda visiwa vya Karibi. Ni mita za mraba 14 hivi, na choo na bafu vimo humo humo. Humo ndimo utauziwa nafasi ya baba, mama na watoto wawili kwa siku saba. Video nyingi za kruzi zinaonyesha slaidi za maji, maonyesho ya kuteleza kwenye barafu na bafe, halafu chumba kinapita kwa sekunde tatu. Leo tunafanya kinyume.

Habari za ukubwa wa meli zenyewe naziacha leo. Tuingie chumbani.

Kamera ishuke kidogo. Hapa mlangoni, kushoto, nimeweka boksi: hilo ni bafu. Bafu la kuoga lina pazia au mlango wa kioo, na mtu mzima akigeuka viwiko vinagusa ukuta. Choo ni cha kuvuta kwa hewa. Kwa wenye watoto wadogo hili ni muhimu: usitupe chochote humo isipokuwa karatasi ya chooni. Zile wipsi za mtoto zikiziba bomba, hazizibi chako tu, vyoo vya majirani pia vinagoma, na fundi anaweza kuchukua saa nzima kufika.

Sasa vitanda. Magodoro haya mawili ya chini ni vitanda vya mtu mmoja mmoja, na mhudumu wa chumba anaweza kuviunganisha kiwe kimoja cha wazazi. Watoto wanalala wapi? Juu. Kuna vitanda viwili vimefichwa darini au ukutani, na kila jioni mhudumu anavishusha kwa ufunguo wake. Naweka ubao huu hapa, kwenye kimo ambacho kitanda cha juu hukaa. Tazameni ninavyokaa kitandani. Kichwa kinagusa. Mzazi hawezi kukaa wima kwenye kitanda chake usiku kucha. Na ukitaka vya chini viunganishwe, cha juu kinabaki kimening'inia juu ya ubavu wa mmoja wenu. Ngazi nayo inasimama hapa, katikati ya njia ya kwenda chooni, kwenye chumba ambacho taa ikizimwa ni giza totoro kwa sababu hakuna dirisha. Mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu kabisa, hata akililia. Meli ikiyumba kidogo tu, ukingo ule haumzuii.

Chumba chenye roshani ni kikubwa kidogo, mita za mraba 17 hivi, na roshani yake ni nyongeza. Lakini hapo mtoto mmoja analala kwenye sofa linalokunjuliwa. Nalikunjua: tazameni linavyofika. Limefunga njia ya mlango wa roshani. Kwa hiyo roshani mliyoilipia, usiku na asubuhi mnaifikia kwa kupita juu ya mtoto aliyelala. Hili linaniudhi kweli, kwa sababu watu wanaongeza mamia ya dola kwa ajili ya roshani wakiwa na watoto wawili, na hakuna anayewaambia.

Ninachopendekeza mimi ni vyumba viwili vya ndani vyenye mlango wa katikati unaounganisha. Bafu mbili, hakuna ngazi, hakuna anayelala juu, na watoto wakilala saa mbili usiku nyinyi mnaweza kuwasha taa upande wenu. Bei inafanyaje kazi? Kwenye chumba kimoja, watu wawili wa kwanza wanalipa nauli kamili, wa tatu na wa nne mara nyingi wanalipa kidogo. Mkigawanyika vyumba viwili, kila mtoto anahesabika kuwa mtu wa pili na analipa kamili. Kwa hiyo msilinganishe na chumba kimoja cha ndani, hapo vyumba viwili vitaonekana ghali. Linganisheni na chumba kimoja chenye roshani kwa watu wanne. Ingizeni tarehe zile zile, meli ile ile, mtazame jumla ya mwisho. Mara nyingi zinakaribiana sana, na mara nyingine vyumba viwili ni nafuu.

Wakati wa kubuki, kampuni nyingi zinazoanzia Marekani zinataka kila chumba kiwe na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Andikisheni baba na mtoto mmoja, mama na mwingine, mkishapanda laleni mnavyotaka na mwombe mapokezi kadi za ziada za kufungulia milango. Kampuni nyingine zinawaruhusu wazazi kukaa chumba kimoja kama watoto wako mlango wa pili. Kwenye ramani ya deki tafuteni alama, mara nyingi mshale, kati ya vyumba viwili: hiyo ndiyo milango inayounganika. Vyumba vinavyopakana tu havina mlango huo. Chumba cha bei ya chini kabisa, ambacho kampuni inakuchagulia yenyewe baadaye, si cha familia, kwa sababu mnaweza kuwekwa deki mbili tofauti. Na tazameni kilicho juu yenu. Chumba kilicho chini ya deki ya bwawa kinasikia viti vikiburutwa alfajiri kila siku.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Unaona chumba kina vitanda vinne, tovuti inakikataa kwa watu wanne, unadhani ni hitilafu. Si hitilafu. Kila eneo la meli lina mashua zake za kuokolea na hesabu ya watu wanaoweza kukusanyika hapo. Hesabu ikijaa, vitanda vya tatu na vya nne vinafungwa hata kama viko tupu. Ndiyo maana likizo za shule familia zinakosa nafasi kwenye meli ambayo bado ina vyumba. Bukini miezi mingi kabla.

Haya, meli gani? Hapa wengine mtanipinga. Safari ya kwanza na watoto, sichukui meli mpya kuliko zote. Chukua ya zamani iliyokarabatiwa, kwa mfano Freedom of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, ya mwaka 2006, na pesa itakayobaki iweke kwenye chumba cha pili. Slaidi za maji zipo, uwanja wa barafu upo, na kutoka mbele mpaka nyuma mtoto anatembea bila kulia. Kati ya kampuni za meli, Disney wanajua watoto kuliko wote, lakini bei yao ni nyingine kabisa. MSC mara nyingi wana bei za chini kwa watoto. Carnival wana mwanya mzuri: klabu yao inapokea watoto kuanzia miaka 2, wakati Royal Caribbean wanaanzia miaka 3 na mtoto awe ameacha nepi. Kama una wa miaka miwili na nusu, tofauti hiyo ndiyo likizo yako. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapandi kwenye kampuni hizi, na mjamzito atakayefikisha wiki ya 24 kabla safari haijaisha hapandi pia.

Nepi tena, kwa sababu hapa ndipo machozi yanapoanzia. Mtoto wa nepi haingii kwenye bwawa la meli, hata akivaa nepi za kuogelea. Ni sheria ya afya, na wahudumu wanaisimamia. Ana eneo lake dogo la maji ya kurukaruka, kama meli inalo, na si zote zinalo. Ulizeni kabla ya kulipa. Na si kila kampuni inaweka waokoaji bwawani, kwa hiyo mzazi awe karibu kiasi cha kumshika.

Pesa. Tangu 2024, kampuni kubwa zikitangaza Marekani zinajumuisha kodi na ada za bandari kwenye bei. Bakshishi haimo. Weka dola 18 kwa kila mtu kwa siku kama makadirio, na kwa kawaida mtoto anahesabika kama mtu mzima. Watu wanne, siku saba: dola 504. Intaneti ni kwa kifaa na kwa siku. Kwa dola 20, simu moja ni 140 kwa wiki. Nunueni kwenye tovuti kabla ya safari, ndani ya meli inapanda. Soda si bure kwenye kampuni nyingi. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi ni bure. Simu iwekeni hali ya ndege mara tu mnapoacha bandari, la sivyo inashika mtandao wa meli na bili yake ni ya kutisha. Na siku ya kwanza nendeni mapokezi mzuie kadi za watoto zisinunue kitu, maana kadi ile ile inayofungua mlango ndiyo inayolipia aiskrimu na michezo ya mashine.

Kwa Waislamu wanaotuandikia kila wiki: nyama ya mezani msichukulie kuwa ni halali. Andikieni kampuni mapema, miezi miwili au zaidi, mpate jibu kwa maandishi kuhusu meli yenu. Usiku wa kwanza muiteni mkuu wa wahudumu wa mkahawa mkubwa, siyo bafe. Jikoni wapo wapishi wengi wa Kihindi, na chakula cha Kihindi cha mboga kinapatikana karibu kila usiku ukikiomba siku moja kabla. Jiko la wali na hita ya maji viacheni nyumbani, kwenye ukaguzi vinachukuliwa, na pasi pia. Ekstensheni nayo someni masharti, kampuni nyingine zimeikataza. Badala yake bebeni ndoano za sumaku. Kuta za chumba ni chuma, mnatundika nguo za kuogelea, kofia, mikoba, na sakafu inabaki wazi. Masanduku yasukumeni chini ya kitanda.

Kabla sijasahau: Jumamosi tuko laivu, mada ni viza tu. Kwa ufupi, mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda anayepandia Miami anahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka nchini na kurudi. Na lazima itoke: sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inaizuia meli ya bendera ya kigeni kuzungusha abiria bila kutia nanga nchi nyingine, na karibu meli zote hizi zimesajiliwa Bahamas, Panama na kwingineko. Halafu angalieni masharti ya kila kisiwa kwenye ratiba, kwa sababu karatasi moja ikikosekana mnakataliwa gatini na pesa hairudi. Mlioko Ulaya, kuna safari za majira ya baridi zinazoanzia Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Ufaransa huko Karibi, lakini viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, peke yake haifungui visiwa hivyo. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake abebe barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili.

Siku ya kupanda, fikeni mjini jana yake. Kutoka Nairobi au Dar ndege zinaunganishwa, na gati linafunga kuandikisha saa moja na zaidi kabla ya meli kuondoka. Masanduku mnayakabidhi nje na yanaweza kufika chumbani jioni, kwa hiyo begi la mkononi liwe na dawa, pasi, nguo za kuogelea na nepi za siku nzima. Kisha fanyeni zoezi la usalama mapema: tazameni video kwenye programu ya simu, mwende kituo chenu wakaskani kadi. Mtoto anavalishwa bangili yenye namba ya kituo hicho, asiivue.

Visiwani, saa ndiyo inayowaacha watu. Cozumel, kisiwa cha Mexico, haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, Miami inasogeza, na meli mara nyingi inabaki na saa za Miami. Simu yako ikishika mtandao wa Mexico inarudi nyuma saa moja. Meli imesema kila mtu awe ndani saa kumi na nusu jioni, simu yako itakuwa inasoma saa tisa na nusu. Vaeni saa ya mkononi mliyoilinganisha na ya meli asubuhi. Mkichukua matembezi yanayouzwa na meli, inawasubiri mkichelewa. Mkikodi teksi wenyewe, haisubiri. Grand Cayman mnashushwa kwa mashua ndogo, na foleni ya kurudi inachukua muda mrefu, kwa hiyo na watoto anzeni kurudi saa mbili kabla.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, kilele Agosti hadi Oktoba. Bei inashuka, na meli haiingii kwenye kimbunga, inakikwepa kwa kubadilisha visiwa. Mkataba unairuhusu. Bima ya safari nunueni vyovyote, kliniki ya meli inalipisha kwenye kadi yako na bima nyingi za afya za Marekani haziilipi.

Usiku wa mwisho masanduku yanatolewa nje ya mlango. Bakizeni nguo na viatu vya kesho, vya watoto kwanza, maana yakishachukuliwa mtayaona gatini tu. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa saba mchana. Maswali ya viza andikeni hapo chini na mtaje pasi yenu ni ya nchi gani, nitaanza nayo Jumamosi.