Mipira ya mbegu kwa nyika iliyoungua: inunue, lakini hesabu machipukizi kwanza

Mipira ya mbegu inayouzwa Kenya siku hizi ni mbegu za mti, moja au mbili, zilizofunikwa kwa vumbi la makaa lililokandwa na uji wa wanga, kisha ikakaushwa. Ukubwa wake ni kama gololi. Wazo lenyewe ni la kale. Masanobu Fukuoka wa Japani ndiye aliyelitangaza duniani, yeye akitumia udongo wa mfinyanzi. Vumbi la makaa ni chaguo zuri: hubaki tele kwa wauza makaa, ni jepesi kubeba, na huificha mbegu isiliwe na panya, ndege na sisimizi mpaka mvua ifike. Kwa hilo bidhaa hii inastahili sifa.

Kosa ni kuiuza kama dawa ya kila mahali palipoungua. Mbegu za jamii ya mgunga zina ganda gumu lisilopitisha maji. Ndiyo maana kitaluni maji huchemshwa, yakaepuliwa, mbegu zikatumbukizwa na kulala humo usiku kucha. Moto wa nyasi unaopita mbio huweza kufanya kazi hiyohiyo ardhini: ganda linapasuka, na mvua ikinyesha mbegu zinaota zenyewe. Visiki vingi navyo huchipua upya. Basi kabla ya kutoa hela, subiri wiki tatu baada ya mvua kuanza, pima mraba wa mita 10 kwa 10 sehemu kadhaa, uhesabu machipukizi na miche. Ukipata minne au mitano kila mraba, hiyo ni miti 400 hadi 500 kwa hekta, na kwa nyika inatosha kabisa. Pesa yako iende kwenye kuzuia mbuzi.

Mipira inahitajika pale moto uliporudi mwaka baada ya mwaka, au wakata makaa walipomaliza miti mama, hata udongo hauna tena akiba ya mbegu.

Unaponunua, okota mipira kumi bila kuchagua uivunje. Mpira mtupu ni hasara, na mbegu yenye kitundu cha mviringo, kama kilichotobolewa kwa sindano nene, imekwisha kuliwa na bungua. Mingine mitano iweke kwenye sahani ya maji. Mzuri hulainika na kuachia mbegu. Unaoshinda siku nzima mgumu kama kokoto umetiwa wanga kupita kiasi, na mche utafia ndani. Muuzaji akuambie ni mti gani, mbegu zilikusanywa wapi na lini. Akishindwa kujibu, nunua mbegu KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya iliyoko Muguga, ukande mwenyewe.

Kwa misitu ya milimani, usinunue. Mbegu ya miti ya huko, kama podo au Prunus africana, huharibika upesi ikikauka, kwa hiyo mpira uliokaa ghalani miezi huenda una mbegu mfu. Isitoshe, kwenye miinuko iliyoungua magugu ya jamii ya kangaga husimama haraka na kuziba jua. Huko panahitaji miche ya kitaluni yenye kimo cha kutosha, na mtu wa kuipalilia.

Kurusha mipira kutoka kwenye gari kunapendeza kwa picha, basi. Ardhi iliyoungua mara nyingi hukataa maji: matone yanateleza juu ya majivu, yanakusanyika, yanaisomba mipira yote hadi korongoni. Iweke siku chache kabla ya vuli au masika, miwili au mitatu pamoja, kwenye mashimo ya kwato za ng'ombe au ndani ya vibwawa vya nusu mwezi vinavyokinga maji ya mteremko. Funika kila shimo kwa tawi la miiba lililokauka. Tawi hilo humzuia mbuzi, huvunja kasi ya maji na kutia kivuli chepesi kwenye wiki za mwanzo, ambazo ndizo huua miche mingi. Nyasi zikizidi, zifyeke kuzunguka mche kwa upana wa hatua moja, maana zikikauka ndizo kuni za moto unaofuata.

Na bei usiipime kwa kilo. Rudi mwisho wa kiangazi cha kwanza, hesabu miche iliyo hai, ugawanye gharama yote kwa idadi hiyo.