Electron, Tauri au kivinjari tu? Uzoefu wangu baada ya kujenga programu moja mara tatu

Electron na Tauri ni zana za kugeuza kurasa za wavuti kuwa programu kamili za kompyuta. Mimi si shabiki wa teknolojia yoyote kati ya hizi. Niliwahi kuwa shabiki, ikaniponza. Enzi za Silverlight, programu-jalizi ya Microsoft ya kuendeshea programu ndani ya kivinjari, nilijenga mfumo mzima wa ripoti juu yake: grafu zinacheza, majedwali yanavutika, kila aliyeona anasifia. Chrome ikaziondoa programu-jalizi za namna hiyo mwaka 2015, Firefox ikafuata 2017, na Oktoba 2021 Silverlight yenyewe ikafikia kikomo cha kuhudumiwa. Wakati huo nilikuwa nimeshaandika kila kitu upya, sehemu kubwa usiku.

Kazi ya safari hii ni programu ya kuhesabu bidhaa ghalani. Ina jedwali moja refu, skana ya msimbopau, printa ndogo ya lebo, na watu wanaoshinda nayo kutwa. Ilitakiwa ifunguke kwenye kivinjari kwa walio mbali, na ikae kama programu kamili kwenye kompyuta za ghalani, ambazo nyingi zina ramu ya GB 4 tu.

Kuhusu React, Vue au Svelte, zana za JavaScript za kujengea kurasa zenyewe, sitawachosha. Nilichukua Vue kwa sababu wenzangu wawili walikuwa wanaijua tayari. Ningechukua React, programu ingetoka ileile. Ubishi wa hapo ni mkali kuliko tofauti zenyewe.

Nilianza na kivinjari peke yake, ukurasa unaosakinishwa kama programu, data ikikaa kwenye IndexedDB, hifadhi iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe, ili mtandao ukikatika kazi isisimame. Niliupenda sana mpango huu. Ukirekebisha kitu asubuhi, mchana kila mtu anacho, hakuna wa kuzunguka na flashi. Kilichoniangusha ni printa. Kwa kawaida kivinjari hakikubali kuchapisha kimyakimya, lazima kwanza kilete dirisha la kuuliza. Siku ya majaribio nilikaa pembeni ya mtunza ghala mmoja nikimtazama: anaskani, dirisha linatokea, anashika kipanya, anabofya, anarudi kwenye skana. Alipozoea akaongeza kasi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Skana kwa kompyuta ni kama kibodi tu: inaandika tarakimu kisha inabonyeza Enter. Akaskani bidhaa ya pili kabla dirisha halijafungwa, tarakimu zikapotelea hewani, Enter ikaangukia kitufe cha kuchapisha. Lebo ya kwanza ikatoka vizuri kabisa, na bidhaa ya pili haikuhesabiwa. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote. Tuligundua jioni hesabu zilipogoma kulingana.

Nikahamia Electron. Msimbo wa Vue ulibaki karibu ulivyo, na kuchapisha bila kuuliza kukawa suala la mstari mmoja. Kwa kuwa Electron inabeba ndani yake Chromium (kiini cha kivinjari cha Chrome) na Node.js (kiendeshaji cha JavaScript nje ya kivinjari), ninachokiona kwangu ndicho wanachokiona wao, na utulivu huo una thamani kubwa kwa mtu anayepigiwa simu kila kitu kikikwama. Gharama yake ni uzito. Faili la kusakinisha lilikaribia MB 90, na kwenye mashine za GB 4, kivinjari nacho kikiwa wazi, kompyuta ilianza kutambaa. Halafu kuna mbio za matoleo: toleo kubwa jipya hutoka kila wiki 8, na yanayohudumiwa ni matatu ya mwisho tu. Kuanzia toleo la 23 Windows 7 haimo tena, kwa hiyo kompyuta zetu mbili zilistaafishwa kwa nguvu.

Sasa nikiri kosa langu. Jedwali lilikuwa na mistari 12,000 na safu 14. Zidisha mwenyewe: visanduku 168,000, vyote nimevimwaga kwenye ukurasa kwa mpigo. Kuteremsha jedwali kulikuwa kama kukokota gunia la mchanga, nami nikawa naisema Electron vibaya kwa wiki nzima. Nilipofungua jedwali lilelile kwenye kivinjari cha kawaida, likakwama vilevile. Dawa ilikuwa kuchora mistari 40 hivi inayoonekana tu, na kuibadilisha kadiri mtu anavyoteremka. Likawa jepesi papo hapo. Kesho yake malalamiko mapya: Ctrl+F, ya kutafuta neno kwenye ukurasa, haioni kitu! Kweli, itauonaje mstari ambao haujachorwa? Nikalazimika kutengeneza utafutaji wangu mwenyewe. Ningejaribu jedwali hilo siku ya kwanza, kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote, na data kamili, ningeokoa mwezi mzima. Badala yake nilianza na ukurasa wa kuingilia, kama kawaida yetu.

Katikati ya hayo nilijaribu Flutter, zana ya Google ya kujengea programu, kwa wikiendi moja. Ni laini, na ya Windows ilishatulia tangu 2022. Kwenye wavuti, hata hivyo, inajichorea maandishi yenyewe kama picha, na Ctrl+F ikanirudia tena. Nikaifunga.

Mwisho nikaifikia Tauri. Kisakinishi hakikufika hata MB 10, nikafurahi kama mtoto. Siri ni kwamba haibebi kivinjari, inaazima kilichomo kwenye mfumo: WebView2 kwenye Windows, WebKit kwenye Mac, WebKitGTK kwenye Linux. Msidanganywe na udogo wa faili lakini. WebView2 nayo ni Chromium, kwa hiyo ramu haikupungua kwa kiasi nilichotarajia. Ilipungua, ila si ya kupigia vigelegele. Na kwa kuwa injini ya kivinjari ni tofauti kwa kila mfumo, unapima mara tatu. Kwenye Linux jedwali langu lilikuwa zito kidogo, na kisanduku cha tarehe hakikufanana na cha Windows. Uchapishaji wa lebo ilibidi niuandike mwenyewe kwa Rust, lugha nisiyoijua: wiki mbili kwa mistari isiyofika mia mbili.

Leo walio mbali wanatumia kivinjari, kompyuta za Windows ghalani zina Tauri, na msimbo wa Vue ni mmoja kwa wote. Kompyuta mbili za Linux bado zina toleo la Electron. Zinafanya kazi, na sina mpango wa kuzigusa.