Kuzoea kutazamana na watu: daladala au sokoni?

Mtu mwenye haya anayetaka kuzoea kumtazama mwenzake usoni ana mahali pawili pa karibu: daladala na soko.

Ndani ya daladala nyuso ni nyingi, lakini mmebanana na hakuna pa kukwepea. Ukimkazia macho abiria usiyemjua atajiuliza unamdai nini. Akiwa binti, utamtia hofu bure. Labda konda tu: mwangalie usoni unapompa nauli, basi.

Sokoni ndiko nakopendekeza kwa moyo wote. Pale Kariakoo muuzaji mwenyewe anataka umtazame. Unauliza, "Nyanya fungu bei gani?" Unamwangalia mpaka ajibu, unashusha macho kwenye nyanya, unazigeuzageuza, kisha unayainua tena na kuomba apunguze. Macho yanapata pa kupumzikia, na kwa mwenye haya hilo ni jambo kubwa sana. Kwa wauzaji wawili watatu wa mwanzo moyo utadunda. Usirudi nyumbani, nenda meza ya nne.

Muuzaji akiwa mzee, tanguliza shikamoo wala usimkazie macho. Kwetu kuyainamisha kidogo mbele yake ni adabu, si woga.