Maswali nilifaulu yote, nikakwama kwenye ndoa yangu: uzoefu wangu na darasa la intavyuu ya uraia

Hili jambo nimekaa nalo moyoni wiki kadhaa nikasema basi niache, ila jana kuna dada kaniuliza kama alipie lile darasa nikajikuta mikono inatetemeka, kwa hiyo ngoja niandike tu.

Niko hapa Columbus, Ohio. Mume wangu ni raia wa Marekani, aliapa zamani kabla hatujaoana. Grinkadi yangu ilipokaribia miaka mitatu nikaomba uraia kwa njia ya ndoa, maana ukiwa unaishi na mwenzako raia si lazima usubiri mitano kama wengine, mitatu inatosha, na fomu unaruhusiwa kutuma siku 90 kabla haijatimia. Kutuma N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, onlaini ni dola 710. Kwetu hiyo ni hela nyingi, mume wangu dereva wa lori na mimi nabeba boksi zamu ya usiku.

Barua ya intavyuu ilipoingia kwenye akaunti yangu ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, nikashikwa na hofu. Rafiki yangu akanielekeza kwa mama mmoja, mtu wa kwetu kabisa Afrika Mashariki, ana kituo cha kuandaa watu, jina silitaji. Dola 350 kwa Jumamosi sita. Mlangoni kabandika karatasi: Tunakuandaa mwanzo mpaka kiapo. Naomba mkumbuke hayo maneno.

Nimpe haki yake kwanza, maswali ya mtihani wa uraia, ya historia na serikali ya Marekani, anafundisha vizuri. Mimi nilituma fomu kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 kwa hiyo nilikuwa kwenye mtihani wa zamani, maswali 100, unaulizwa mpaka 10 ukipata 6 umefaulu (wanaotuma sasa wana maswali 128, wanaulizwa mpaka 20 wapate 12). Kila Jumamosi naingia, shikamoo mama, marahaba mwanangu kaa hapo, tunaanza, maseneta 100, wabunge 435, marekebisho ya Katiba 27, majaji wa Mahakama Kuu 9, anakuuliza harakaharaka mpaka unaota usiku. Kwa hilo sina la kusema.

Ila Jumamosi ya nne nilimuuliza, nakumbuka mpaka kiti nilichokalia, nikamwambia mama mimi naomba kwa ndoa, kuna karatasi gani za kubeba? Akanijibu huku anaangalia simu yake, "Beba cheti cha ndoa na pasipoti inatosha, wewe shika maswali." Nikaandika kwenye daftari langu kwa peni ya kijani: cheti cha ndoa, pasipoti, inatosha. Hilo daftari ninalo.

Siku ikafika. Ofisa alikuwa baba wa makamo, mpole, wala sina kinyongo naye. Nikanyoosha mkono wa kulia nikaapa kusema kweli, nikakaa. Akaniuliza maswali sita nikapata yote sita, akaishia hapo. Sentensi moja ya kusoma, moja ya kuandika kwenye tableti kwa kale kakalamu kake, tayari. Hata dakika kumi sidhani kama zilifika. Nikashusha pumzi nikajua nimemaliza, kumbe ndo kwanza tunaanza.

Akafungua fomu yangu. Mumeo alishawahi kuoa kabla yako? Ndiyo. Naomba hati yake ya talaka. Sina. Transkripti, yaani kumbukumbu rasmi za kodi ya mapato, za miaka mitatu? Sina. Mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili? Sina. Akaunti ya benki ya pamoja, bima ya gari? Kila nikisema sina anaweka alama kwenye karatasi, naisikia ile kalamu. Nikafungua faili langu la bluu hapo mezani kwake, faili kubwa nililonunua makusudi kwa ajili ya siku hiyo, ndani zimo karatasi mbili tu zinatelezateleza. Jamani ile aibu sijui niielezeje.

Halafu akauliza kodi mnajaza pamoja? Nikasema mwaka wa kwanza kila mtu alijaza kivyake. Kwa nini? Ukweli ni kwamba aliyetujazia ndo alitupangia hivyo na sisi hatukujua, lakini Kiingereza chote kikanikimbia. Akaniuliza mume anarudi kazini saa ngapi, sasa mume dereva wa lori, wiki nyingine harudi siku nne, nikaanza kueleza nikajikanyaga nikanyamaza. Mwanamke anaulizwa habari za mume wake ananyamaza, wewe ungekuwa ofisa ungefikiri nini?

Na tuna mtoto wa miaka miwili! Cheti chake cha kuzaliwa chenye majina yetu wote wawili kiko droo ya jikoni. Ushahidi mkubwa kuliko yote tulimwacha kwa jirani asubuhi ile anakunywa uji.

Akanipa karatasi ya N-652, mtihani umefaulu, ila uamuzi bado hauwezi kutolewa. Pamoja na barua ya kudai vielelezo, siku 30.

Nililia kwenye gari, na si kwa ajili ya karatasi peke yake. Mimi Mtanzania, sisi hatuna uraia pacha, siku nikiapa huku uraia wangu wa nyumbani umekwisha. Wenzetu Wakenya tangu katiba yao ya 2010 wanabaki na wao. Kabla sijatuma ile fomu nilimpigia mama yangu Tanga kumwomba radhi, akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Yani nimebeba uzito wote huo, nafika mezani naonekana kama ndoa yangu ya kununua.

Nikampigia yule mama nikiwa bado paking. Nilikuwa sijapanga kugombana, nilitaka tu aniambie nifanyeje. Akanisikiliza kidogo akasema, "Mdogo wangu, mimi nimekufundisha maswali umefaulu, mambo ya ndoa yako mimi yananihusu nini?" Akakata. Siku zote mwanangu, leo nimekuwa mdogo wangu! Nikatuma voisi noti mbili hakusikiliza, usiku nikaona nimeshatolewa kwenye grupu la WhatsApp la darasa.

Yanakuhusu nini? Mama, mimi nisingekuwa na hiyo ndoa nisingeruhusiwa hata kutuma fomu mwaka huo! Anayeomba kwa miaka mitano haombi kwa mgongo wa mume, hadaiwi kuonyesha kwamba miaka mitatu mmelala nyumba moja. Mimi nadaiwa. Hiyo ndo nusu ya intavyuu yangu na ungeniambia tu hivyo Jumamosi ya kwanza, ningeweza hata kuamua kusubiri. Au ungesema hujui, nikaulize kwa mwingine.

Baadaye ndo nikaambiwa kwamba hapa Marekani ushauri wa sheria ya uhamiaji unatolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, wengine wote hawaruhusiwi, na yeye si wakili wala hana hiyo idhini. Na maswali yale niliyolipia dola 350 yako bure kwenye tovuti ya USCIS na majibu yake, na maktaba nyingi za hapa Marekani zina madarasa ya uraia ya bure.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumpa nyota tatu kwa ajili ya maswali. Sasa naona hata moja nyingi. Labda niseme hivi, kama unaomba kwa miaka mitano na Kiingereza kinakusumbua anaweza kukufaa. Hapana, hata wewe usiende. Mtu anayemkatia simu mwanafunzi wake anayelia kwenye gari usimpe hela yako.

Karatasi tulizipata. Transkripti ni bure IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, unafungua akaunti unazitoa mwenyewe. Hati ya talaka mume aliomba nakala kwenye mahakama iliyoamua kesi yake. Mwenye nyumba alikuwa mwema, akaandika barua kwamba naishi pale na tangu lini. Bima ya gari, taarifa za benki, cheti cha mtoto, na maelezo mafupi ya ule mwaka wa kodi tuliojaza kivyetu. Nimepakia zote kabla siku hazijaisha, sasa naamka kila asubuhi naangalia akaunti kama kuna jibu.

Dada uliyeniuliza jana, hiyo 350 kaa nayo. Jumamosi mchana nipo nyumbani, njoo na faili lako na cheti cha kila mtoto uliye naye, tutaketi mezani tupitie karatasi moja moja.