Uzoefu wangu: AC ya kufunga chini ya dashibodi kwenye Peugeot 504, Dar es Salaam

Nimeitumia seti hii kwenye 504 sedani ya petroli, injini ya XN1 yenye cc 1971 na kabureta, kaskazi nzima. Inapoza, na inapoza vizuri. Ila vilivyomo ndani ya boksi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni hewa inayopita kwenye kondensa (kipozeo cha gesi kinachokaa mbele ya rejeta) na umeme unaozungusha feni, na hapo ndipo magari mengi ya zamani yaliyofungwa AC hushindwa.

Boksi linakuja na kompresa ya pistoni tano aina ya 5H14 (cc 138), kondensa bapa, draya (chupa inayonyonya unyevu kwenye gesi), evaporeta (kipozeo cha ndani ya gari) yenye feni ya spidi tatu, hozi, oringi na waya. Kompresa ni nzuri, sina neno nayo. Kondensa inatosha. Evaporeta imebuniwa kwa gari lolote, kwa hiyo inagusa magoti ya abiria mrefu, na spidi ya tatu ina kelele. Waya nashauri usizitumie kabisa. Ni nyembamba, na mfumo mzima umewekwa kwenye fyuzi moja ya ampea 20.

Breketi iliyomo ya kushikia kompresa haifai kwa 504. Injini ya XN1 imelazwa nyuzi 45, wakati breketi hiyo imetengenezwa kwa injini iliyosimama wima. Chonga nyingine kwa bamba la chuma la milimita 10, ishikwe na bolti za bloku yenyewe, na iwe na mkono wa kuizuia kwa nyuma. Ukiishika kwenye bodi ya gari, injini itacheza na kompresa haitacheza nayo, mkanda utaruka. Bila mkono wa nyuma bolti hukatika kwa mtikisiko. Puli ya kranki inahitaji mfereji wa pili. Kazi hiyo mpe fundi wa kukereza mwenye geji ya kupima mtetemo wa puli, eneo la Gerezani hapa Dar wapo. Weka rula ya chuma kwenye puli zote: zikipishana zaidi ya milimita 1.5 mkanda unalika upande mmoja. Kaza mpaka ukibonyeza kwa dole gumba katikati ushuke milimita 10 hivi. Mkanda mpya hulegea, kwa hiyo rudia kuukaza baada ya kilomita mia chache.

Sasa kondensa. Wauzaji hawaelezi kwamba feni ya 504 huendeshwa na sumaku ya umeme: maji yakiwa hayajafika joto lake, feni inazunguka kivivu bila kushikwa. Kwa injini ni mpango mzuri sana, na gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 lina mfumo wa kupoza wa kuaminika. Kwa AC ni tatizo. Kondensa inataka hewa tangu sekunde ile klachi ya kompresa (sumaku inayounganisha puli na kompresa) inaposhika, na kwenye foleni ya Ubungo hakuna upepo unaoletwa na mwendo. Geji ya presha ya juu hupanda kupita paundi 300 (psi), ubaridi unakufa, kisha rejeta nayo inaanza kuvutishwa hewa ya moto iliyotoka kwenye kondensa. Mwenye gari husema AC inachemsha injini, wakati kinachokosekana ni hewa.

Suluhisho ni mambo mawili pamoja. Kwanza, weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) inayoshika sumaku ya feni kila klachi ya kompresa inapowaka, na uiache swichi ya joto la maji iendelee na kazi yake sambamba. Pili, ongeza feni ya umeme ya inchi 12 mbele ya kondensa, inayosukuma hewa kuelekea nyuma. Hakikisha inasukuma, feni iliyogeuzwa waya inapambana na ile ya injini. Kati ya kondensa na rejeta acha milimita 15 hivi, halafu ziba kingo zote kwa sponji. Usipoziba, gari likisimama hewa ya moto ya chini ya boneti inazunguka na kurudi mbele, kondensa inavuta joto lake yenyewe. Ukanda huo wa sponji ni wa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii, na tofauti yake unaiona kwenye geji.

Umeme upige hesabu kabla ya kununua. Klachi hula ampea 4, feni ya ndani kwenye spidi ya tatu 10 hadi 12, feni ya kondensa 8 hadi 10. Usiku wa mvua ongeza taa kubwa, waipa na moto wa koili. Alternata ya asili haifiki. Nilichagua ya ampea 70, nikabadilisha na waya mnene kutoka alternata hadi betri, kwa sababu alternata kubwa kwenye waya wa zamani huunguza waya. Kila feni iwe na rilei yake na fyuzi yake. Swichi ya presha iwe ya hatua tatu: inaikata klachi gesi ikipungua, inaikata pia presha ikipanda kupita kiasi, na inaweza kuwasha feni. Kwa joto la Dar, feni iwake pamoja na klachi, usisubiri presha ifike paundi 250.

Kabureta pia inahitaji msaada. Klachi ikishika, sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inashuka na gari linatetemeka au kuzima. Vali ndogo ya vakyumu inayosukuma mkono wa kabureta na kuirudisha sailensa kwenye mizunguko 900 hadi 950 kwa dakika inamaliza tatizo. Kupandisha skrubu ya sailensa peke yake kunafanya gari livume AC ikizimwa. Bomba la petroli lililo karibu na kabureta livishe kinga ya joto, maana joto la kondensa huongeza mvuke kwenye petroli.

Ndani ya gari, funga kabisa mlango wa hewa ya nje ulio chini ya kioo cha mbele na uweke bomba la heta lenye koki inayofunga kweli. Ukiacha hewa ya nje iingie, evaporeta inatumia nguvu yake kukausha unyevu wa pwani badala ya kupoza. Bomba la maji literemke moja kwa moja. Likilala, maji yanarudi kwenye kapeti, na sakafu ya 504 haihitaji kusaidiwa kuoza. Kihisio cha themostati kiingie kati ya mapezi ya evaporeta kiasi cha sentimita 5. Kikiwa juu juu, barafu inajengeka: unafika karibu na Chalinze, upepo umebaki kidogo, unadhani gesi imeisha. Ukizima kompresa dakika kumi na upepo ukarudi, ujue ni barafu.

Wakati wa gesi usikubali haraka. Oringi zipakwe mafuta ya kompresa, nati zikazwe kwa spana mbili ili bomba lisijikunje. Draya ifunguliwe mwisho kabisa, maana ikikaa wazi inanyonya unyevu na hapo imeshakufa. Pima uvujaji kwa naitrojeni, paundi 150, na povu la sabuni. Fundi anayepima kwa gesi yenyewe anakuuzia gesi mara mbili. Kisha vakyumu (kunyonya hewa yote kwenye mfumo) dakika 45, funga geji, subiri nusu saa: sindano ikipanda kuna tundu au unyevu. Mafuta usiongeze kabla ya kusoma lebo ya kompresa, mara nyingi yamo tayari. Zungusha klachi kwa mkono mara kumi kabla ya kuwasha.

Mtungi nao upimwe. R134a safi (gesi ya AC hii) iliyotulia kwenye joto la nyuzi 30 inasoma karibu paundi 97. Ikitofautiana sana, acha. Gesi bandia yenye R40 hula alumini, na utapoteza kompresa nzima. Jaza kwa mizani. Seti hii inataka gramu 750. Kujaza mpaka bomba litoe jasho ni kubahatisha.

Nje nyuzi 32, vioo vimefungwa, geji zangu zinasoma paundi 35 upande wa presha ya chini na 215 upande wa juu, na tundu la katikati linatoa nyuzi 8 gari likitembea. Kwenye foleni ndefu hupanda hadi 12. Viti vya nyuma vinachelewa kupoa, hasa kama dari halina sponji ya kuzuia joto. Nimeweka ya milimita 6 na inasaidia.

Seti naipendekeza kwa aliye tayari kulipia alternata, puli, feni ya pili na rilei. Asiye tayari asinunue kwanza. Baadaye, osha kondensa kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kila vumbi linapozidi, na washa AC dakika chache kila wiki hata wakati wa baridi ya Julai, ili mafuta yafike kwenye sili ya kompresa.